Tambi Zimekwisha

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Rispa binti yangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za viatu na za ufunguo wa sanduku, na najua atazirudia kesho asubuhi kwenye stesheni mpaka gari la moshi lianze kuondoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa nje ya hoteli yetu na daftari lako la zamani gotini, jua limeanza kuinamia upande wa milima ya Mau, nanyi nawasikia ndani mkicheka kwa sababu sanduku limekataa kufungika. Nataka kukuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Unakwenda Nairobi kujifunza kuuguza wagonjwa, na ni vizuri umjue baba yako kabla hujaanza.

Unajua kwamba nilikuwa mpishi kwa Wazungu wa Milimani, na unajua namchukia yule memsahib. Bondeni nzima inajua. Lakini umesikia upande mmoja tu, ule ninaopenda kuusimulia.

Chakula hiki kinachotulisha nilikipata Burma. Vitani nilipelekwa kupika, sikupewa bunduki. Mvua zilipozidi nikashikwa na tumbo la kuhara hata nikashindwa kusimama, na wenzangu wakaniacha katika kijiji kimoja ningoje lori la wagonjwa. Lori lilichelewa siku tisa. Mama mmoja mzee, ambaye jina lake ulimi wangu haukuliweza, akanilisha. Nyama hakuwa nayo. Alikuwa na tambi za mchele, majani ya bustanini kwake, tangawizi, kitunguu alichokichoma juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, na unga wa dengu alioukaanga pakavu akautia kwenye supu kidogo ili iwe na uzito. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya tatu nililamba bakuli. Siku ya saba nilikuwa nimekaa naye jikoni nakata majani, hatuna lugha ya pamoja, ananipiga kofi mkononi kila nikikosea. Vita hivyo hivyo vilivyonifikisha kwake vilikuwa vimemchukulia watoto wawili. Sikuwa na haki ya bakuli lake hata moja, lakini alinipa.

Niliporudi Nakuru nikaandikwa kazi katika nyumba ile ya Milimani. Bwana alikuwa na biashara ya nafaka mjini, mtu mpole, mrefu, mwenye moyo mbovu. Namaanisha moyo wa kifuani. Daktari alimkataza mafuta, nyama nyekundu na chumvi nyingi, basi memsahib akawa anaamuru apewe viazi vya kuchemsha asubuhi na jioni. Bwana akavitazama viazi vile wiki mbili, kisha akaacha kula kabisa. Nikaomba ruhusa nijaribu kitu.

Tambi za mchele sikuwa nazo, kwa hiyo nikakanda unga wa ngano ya Njoro kwa mayai, nikauacha upumzike chini ya kitambaa, nikausukuma ukawa mwembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Nikaukata nyuzi nyuzi na kuzianika juu ya mpini wa ufagio mpya. Unga wa dengu nikaupata kwenye duka la Mhindi. Mboga alinipa Wekesa, mtunza bustani wa nyumba ile: karoti, minji, liki na spinachi. Karoti nilizikata kama njiti za kiberiti, maana mboga za bakuli hili hazipikwi zikalegea. Hupashwa tu na supu inayomwagwa juu yake, zikabaki na rangi na zikalia zikitafunwa. Mafuta hakuna, ila tone la kuzuia tambi zisishikane.

Bwana alikula tambi zote. Halafu akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa supu iliyobaki, jambo ambalo sikuwahi kumwona Mzungu akilifanya mezani. Akaniambia, “Zakaria, kesho tena.”

Miezi mitatu baadaye alikuwa akishuka bustanini mwenyewe kumchagulia Wekesa karoti za kung’oa.

Sasa memsahib. Wageni walipoanza kulisifu bakuli, niliwahudumia huku nikimsikia akiwaeleza kwamba ni chakula alichofundishwa na shangazi yake aliyeishi Uchina. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni tu, lakini Uchina na shangazi nilivielewa. Nikameza. Kisha wanawake wa kanisa lake wakakubaliana kuchapisha kitabu cha mapishi, naye akaja jikoni na penseli, akanitaka nimtajie kila kitu polepole. Nilimtajia unga, mayai, dengu, kitunguu cha kuchoma. Ila kwenye tambi nikamwambia zichemkie ndani ya supu ile ile.

Wewe unajua hilo linaleta nini. Tambi huchemshwa mbali, kwenye maji mengi, zikaoshwa kwa maji baridi mpaka utelezi uishe, ndipo zikawekwa bakulini na kumwagiwa supu. Ukizichemsha ndani ya supu, unapata gundi ya kubandikia mabango. Memsahib aliandika gundi hiyo kwa mwandiko mzuri, ikachapishwa na jina lake chini. Hicho kilikuwa kisasi changu cha kwanza, na mpaka leo kinanichekesha.

Alinifukuza kwa sababu ya swali la mgeni. Siku moja alikuja mzee mmoja aliyekuwa amekaa miaka mingi huko mashariki. Alionja, akaweka kijiko chini, akanigeukia mimi niliyeshika sinia na kuniuliza kwa Kiswahili ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu, “Mama mmoja wa Burma, Bwana.” Shingo ya memsahib ikawa nyekundu kuanzia kwenye mkufu kwenda juu.

Asubuhi yake akanipa bahasha. “Hii barua mzuri,” akasema. “Wewe onyesha memsahib ingine, yeye tapa wewe kazi.” Bwana alikuwa kitandani siku hiyo, hakutoka kuniaga, na sikujua kama alikuwa na habari. Hapo ndipo nilipoanza kumwandikia naye sehemu yake ya hatia.

Nilifua shati, nikalipiga pasi, nikazunguka Milimani na barua ile. Nyumba tisa. Kila mlango niliitoa kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja alimwita mumewe waje waisome pamoja. Mwingine aliniuliza kama naweza kufagia kibanda cha mbwa. Nilirudi nyumbani nikimwambia mama yako kwamba kazi za upishi zimeadimika. Miezi minne, Rispa. Miezi minne nikibeba tusi langu mwenyewe mfukoni na kuligawa kama mwaliko wa harusi.

Ulikuwa umeingia darasa la tano. Ulirudi kutoka shule ukanikuta kizingitini, nikakupa uisome, nikitaka kujivunia masomo yako. Uliisoma kwa macho kwanza. Ukasema, “Baba, maneno mengine siyajui.” Nikakuambia usome unayoyajua. Ukasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: “Mtu huyu ni mchafu na ana ujeuri. Asiwekwe karibu na chakula.” Halafu ukaikunja ukanirudishia, ukaenda kuteka maji bila kuagizwa.

Ningeweza kusamehe kufukuzwa. Ningeweza hata kusamehe shangazi wa Uchina. Lakini kwamba wewe ndiye uliyenisomea, na sauti uliyonisomea nayo, hilo sikulisamehe na sijalisamehe wakati huu ninapokuandikia.

Tukafungua hoteli mimi na mama yako. Nilichagua njia hii ya kwenda karakana ya reli kwa sababu gari la memsahib hupita hapa kila Jumapili. Nilitaka aone moshi wangu. Mwanzoni watu walicheka, wakauliza nani anakula minyoo. Kisha mafundi wa reli wakagundua kwamba mtu akila bakuli hili saa sita hasinzii kazini kama aliyekula ugali na mafuta, wakaanza kuja hata na wake zao. Na kila Jumamosi Wekesa alinishushia habari za Milimani: memsahib fulani amepika kutoka kwenye kitabu, kijiko kikasimama wima, mwingine amewapa mbwa, mbwa wakaondoka. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilikuwa naishi kwa habari zile.

Akaja Shadrack, mpishi aliyechukua nafasi yangu. Alikuja kofia mkononi, kijana wa watu, ananiita Mzee. Alitaka tu nimwonyeshe kosa liko wapi. Nikamwambia atie siki, na tambi azilaze ndani ya maji usiku kucha. Alinishukuru. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amefukuzwa, akarudi kwao Bungoma na watoto wanne. Nilijiambia aliyemfukuza ni memsahib, si mimi. Nilikuwa na jibu hilo kwa kila kitu.

Kisha Wekesa akaleta ujumbe tofauti. Bwana amerudia hali ya zamani, ameacha kula, na anaomba nimwelekeze mpishi mpya njia iliyo sawa. Hakusema nirudi kazini. Alitaka njia tu. Nikamwambia Wekesa, “Mwambie asome kitabu cha memsahib wake.” Wekesa akanitazama sana. Baada ya wiki mbili akaja tena na ombi lile lile, nikampa jibu lile lile, na safari hiyo hakuketi hata kunywa chai.

Mara ya tatu Bwana alikuja mwenyewe.

Ilikuwa mchana, majira ya mvua, siku za Hali ya Hatari. Siku zile Mzungu akikanyaga Bondeni watu walidhani ni msako, kwa hiyo alipotokea mlangoni mabenchi yote yakawa matupu kwa kufumba na kufumbua. Alikuwa peke yake, na fimbo. Koti lilimning’inia kama limeazimwa kwa mtu mnene. Mama yako alikuwa amekwenda sokoni, wewe ulikuwa shule. Tulibaki wawili, na supu inachemka kati yetu.

“Jambo, Zakaria.”

“Jambo, Bwana.”

“Mimi hapana kuja kwa maneno,” akasema. “Mimi nataka kula tu.”

Tambi zilikuwa nyuma yangu zimeanikwa juu ya mti, safu mbili, nyeupe, mbichi za siku ile. Hakuna mtu mwenye macho ambaye asingeziona.

Nikamwambia, “Tambi zimekwisha, Bwana.”

Alitazama juu ya bega langu. Alizitazama kwa muda, halafu akanitazama mimi. Nilingoja akasirike. Nilitaka sana akasirike, ili niwe na la kumjibu. Badala yake akauliza, “Rispa iko shule?” Nikasema yuko. “Mzuri,” akasema. “Labda siku ingine.” Akageuka.

Nilimtazama mpaka kwenye kona. Alisimama mara mbili kushika ukuta. Na kwa kuwa nimeahidi kukuambia ukweli, nitakuambia na huu: kilikuwa kitamu. Nilijipakulia bakuli kubwa nikala pale pale, kwenye hoteli tupu, nikijiona nimemfunga memsahib goli kwenye lango lake.

Kabla mvua hazijaisha Wekesa alikuja kuniambia kwamba Bwana amefariki.

Sijui kama bakuli langu lingemwongezea hata siku moja. Huko uendako kuna madaktari. Usiwaulize kwa niaba yangu. Siku ya mazishi niliendelea kupika. Nikamtwisha memsahib na kifo hicho pia, maana bila barua yake nisingekuwa na uchungu, na bila uchungu ningempa mgonjwa chakula. Hesabu hiyo niliifanya kila asubuhi nikikanda unga, miaka na miaka, na kila mara jibu lilitoka jina lake. Barua yake niliiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai, nikijua ipo siku.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa tano mwaka huu, ukiwa bado shuleni. Sehemu ya habari hii umeisikia, kwa sababu mafundi wa reli hawachoki kuisimulia. Memsahib aliingia saa sita, mabenchi yamejaa. Alikuwa amezeeka. Akaanza, “Zakaria, mimi...” nami nikainua mkono. Nikatoa barua kwenye mkebe, nikaifungua mezani mbele yake.

Nikamwambia, “Soma kwanza. Kwa sauti.”

Aliitambua. Nilidhani atatoka. Alivaa miwani akasoma kwa Kiingereza, na karani mmoja wa reli aliyekuwa akila akasimama bila kuombwa, akawa anawatafsiria watu kila sentensi. Mtu huyu ni mchafu. Vijiko vikatulia. Asiwekwe karibu na chakula. Watu walitazama mabakuli yao, wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka sita, Rispa. Laiti barua ingekuwa ndefu zaidi.

Alipomaliza akaikunja. “Mimi naandika hii,” akasema. “Ni kweli.” Akavua miwani. “Lakini mimi hapana kuja kwa hii. Nakuja kwa sababu ya Bwana. Mbele ya kufa yeye naambia mimi, nakwenda kwa Zakaria. Nakula bakuli mbili. Tamu kama zamani. Yeye nasema Zakaria hapana kasirika tena. Sasa mimi narudi Ulaya, nataka kusema asante.”

Karani hakuwa na la kutafsiri. Kila mtu alikuwa amesikia.

Neno lilikuwa ulimini mwangu tayari. Ningemwambia kwamba mumewe hakula kitu, kwamba aliondoka mlangoni kwangu na njaa kwa sababu ya karatasi aliyoishika, na neno hilo lingemchoma mpaka Ulaya na asingelala tena. Nilikuwa sijawahi kupata kisu kikali kama kile. Lakini kukitumia ningepaswa kusema mbele ya watu wale wote kwamba mgonjwa alikuja kuniomba chakula, chungu kinachemka, nikamwambia tambi zimekwisha.

Nikasema, “Ndiyo, Memsahib. Alikula.”

Akaitikia kwa kichwa, akaweka barua mezani, akatoka. Mafundi wakapiga meza, wakaniambia Mzee Zakaria umemkomesha. Mpaka leo wakinikuta njiani wananipa mkono kwa ajili ya siku ile. Mama yako aliposikia alilia kwa furaha. Yeye pia anaamini Bwana alikula. Aliniambia, “Kumbe ulimpa chakula na hukuniambia, baba Rispa,” na sikumsahihisha.

Nimefikiri sana kwa nini Bwana alisema uongo ule. Siku nyingine nadhani ulikuwa wema, alitaka mkewe alale. Siku nyingine nadhani Bwana naye alijua kulipiza, na kwamba alizitazama zile tambi nyuma yangu akachagua adhabu yangu pale pale kabla hajaniuliza habari zako. Kama ni hivyo, hakuna mtu aliyewahi kunipiga vizuri kama yeye. Memsahib amevuka bahari na shukrani yake, nami nimebaki hapa na bakuli mbili ambazo sikuwahi kuzipakua.

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimelainika. Yule mwanamke namchukia. Meli yake ilipoondoka niliiombea mawimbi. Wala sitakuambia usichukie; utakutana na watu huko, pengine daktari, pengine muuguzi mkubwa, atakayekufanyia kitu usichoweza kukimeza, na chuki yako itakuwa ya haki kama yangu ilivyokuwa ya haki. Ninachokijua ni kidogo tu. Siku ile nilipojiona nimempata memsahib, yeye alikuwa nyumbani Milimani anakula nyama yake. Aliyekuwa amesimama mlangoni na njaa alikuwa mtu mwingine, na Shadrack aliyenishukuru kwa siki yangu alikuwa mwingine, na mtoto aliyeteka maji huku analia alikuwa wewe, nami hata sikukufuata kisimani, nilikuwa nimekaa namfikiria memsahib.

Nitaiweka barua hii katikati ya nguo zako, utaiona ukifungua sanduku Nairobi. Kesho kwenye stesheni utakuwa hujui kitu na utaniaga kama baba yako wa siku zote, na mimi nitafurahi kuagwa hivyo mara ya mwisho. Nikirudi, kabla sijawasha moto, nitaketi na mama yako nimwambie. Ukipata barua kutoka kwake kabla ya yangu, ndiyo utajua alivyoipokea.

Ni mimi baba yako,
Zakaria